Lipidi ni zilezile, milango ndo inatofautiana

Kuna maneno mawili ukisoma habari za sayansi ya seli utakutana nayo kila baada ya aya chache: "kwa mamalia". Kwa mamalia hii lipidi inafanya hivi, kwa mamalia hii protini inavusha kile. Ukichimba kidogo unakuta hao mamalia ni panya wa maabara, tena wa ukoo mmoja waliozaliana wao kwa wao vizazi na vizazi, alafu pembeni kuna seli za binadamu zilizooteshwa kwenye sahani. Ng'ombe hayumo, farasi hayumo, nguruwe hayumo, mbwa hayumo. Mi sina ugomvi na panya, bila yeye tusingejua hata nusu ya haya ntakayoyaandika hapa, ila kuna sehemu anatupoteza na ndo nataka tuiangalie.

Nachosema ni hiki. Kwenye lipidi za ishara, yaani yale mafuta ambayo seli inayatumia kupeleka ujumbe kwa seli nyingine, tofauti kubwa kati ya mnyama na mnyama mara nyingi haiko kwenye mafuta yenyewe. Molekuli ni ileile, kipokezi chake ni kilekile kwa kiasi kikubwa, hata jeni ya protini inayoivusha ni ileile ukiilinganisha. Kinachobadilika ni hiyo protini imekaa wapi, inavusha kuelekea upande gani, na mishipa ya damu imepitaje hapo jirani. Yaani mlango. Na mlango ndo watu wanauruka.

Kuurukwa kwake kuna historia. Mwaka 1982 Sune Bergström, Bengt Samuelsson na John Vane walipewa Nobel kwa kazi yao ya prostaglandini, lipidi za ishara zinazohusika na maumivu na uvimbe, na kitu ambacho kila mtu anakikumbuka ni Vane kuonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inazuia prostaglandini zisitengenezwe. Kuanzia hapo akili zote zikahamia kwenye enzaimu za kutengeneza, baadae zikahamia kwenye vipokezi, na lile swali la katikati, la kwamba hii kitu inatokaje kwenye seli na inaingiaje kwenye nyingine, likamalizwa kwa jibu la mkato: haya ni mafuta, utando wa seli nao ni mafuta, basi yanapita tu.

Hayapiti tu. Prostaglandini ni asidi, na kwenye pH ya mwili karibu zote zinakuwa zimeshapoteza protoni na kubaki na chaji hasi, na kitu chenye chaji hakipendi kabisa kukatiza katikati ya mafuta. Kutoka kunaweza kukawa na unafuu kidogo kwa sababu ndani ya seli kuna uhasi unaoisukuma nje, lakini kuingia tena bila kusaidiwa ni shughuli. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana maana enzaimu inayoiua prostaglandini, inaitwa 15-PGDH, inakaa ndani ya seli. Kwaiyo prostaglandini ikishakuwa nje haifi mpaka kwanza mtu aiingize ndani.

Ajabu ni kwamba Vane huyohuyo ndo aliyekuwa na ushahidi mkononi mapema. Yeye na Sérgio Ferreira walionyesha mwaka 1967 kwamba prostaglandini za aina ya E na F zikipita kwenye mapafu mara moja tu, sehemu kubwa sana inapotea. Alafu baadae ikaja prostasaiklini, ndugu yao wa karibu, yenyewe ikapita kwenye mapafu ikatokea upande wa pili nzima, wakati ukiichukua ukaiweka kwenye chupa pamoja na ile enzaimu inaharibiwa vizuri tu. Enzaimu inaiweza, mapafu yanayo hiyo enzaimu, na bado inapita salama. Maelezo yanayobaki ni kwamba haikuingizwa ndani. Huo ndo mlango unavyofanya maamuzi, na ndo maana prostasaiklini inaweza ikazunguka na damu wakati prostaglandini E2, mojawapo ya hizo za aina ya E, ikishafika mapafuni safari yake imeisha.

Protini yenyewe ilipatikana 1995, kundi la Victor Schuster likaitoa kwa panya wakubwa wa maabara na kuiita PGT, siku hizi kwenye orodha za jeni utaikuta kama SLCO2A1. Inashika E2 na F2alfa (hii ni ya aina ya F) vizuri, prostasaiklini za kutengenezwa inazishika vibaya, yaani inalingana kabisa na ile habari ya mapafu. Baadae wakaonyesha kwamba inafanya kazi kwa kubadilishana, inaingiza prostaglandini huku inatoa lakteti, mabaki ya sukari iliyovunjwa, sasa hiyo lakteti ikariri kwa sababu ntairudia. Upande wa kutoka wakaja kuikuta nyingine, MRP4, ambayo inatumia ATP, yaani nishati ya seli, kusukuma prostaglandini nje, na mwaka 2003 ikaonekana kwamba baadhi ya dawa za maumivu za familia ya aspirini zinaizuia na yenyewe. Kwaiyo dawa ambayo tumefundishwa miaka yote kwamba inazuia utengenezaji inawezekana baadhi yake zinabana na njia ya kutokea. Hilo peke yake lilitakiwa liwe limeingia kwenye vitabu vya shule.

Sasa tuje kwa wanyama. Tuanze na panya na binadamu maana hapo data ni safi.

Mtoto akiwa tumboni kuna mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota, ule mshipa mkuu wa damu, damu inaruka mapafu ambayo bado hayajaanza kazi. Mshipa huo unashikiliwa wazi na prostaglandini E2. Akizaliwa, mapafu yanafunguka, damu yote inapita pale, PGT inaifagia E2, mshipa unajifunga. Kundi la Schuster likachukua panya wakawaondolea PGT, matokeo yake yakatoka mwaka 2010: watoto wanazaliwa, mshipa haujifungi, wanakufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mama akipewa indomethacini kabla ya kujifungua, ambayo inapunguza utengenezaji wa prostaglandini, watoto wananusurika. Jibu safi kabisa, ukilisoma unasema haya yameisha, mamalia bila PGT hawezi kuishi.

Miaka miwili baadae, 2012, wakapatikana binadamu wasio na PGT inayofanya kazi. Watu wazima. Wanatembea. Walikuwa na ugonjwa unaoitwa kitaalamu osteoathropathia ya msingi, ncha za vidole zinavimba mpaka zinakuwa za duara, mifupa mirefu inaongezeka unene kwa nje, ngozi ya uso inakuwa nzito yenye mikunjo mirefu, jasho jingi. Wengi ni wanaume na kwa kawaida inaanza kujionyesha kwenye balehe. Baadae Wajapani wakaja kuonyesha kwamba kuna watu wenye jeni hiyohiyo iliyoharibika wanapata vidonda vya utumbo mdogo visivyopona, vinavuja damu na protini kwa miaka. Jeni moja, panya anakufa akiwa mchanga, binadamu anafika balehe ndo vidole vinaanza kuvimba.

Na hapa kuna kitu kimoja nakipenda sana, kidogo lakini kinaonyesha kazi ya mlango kuliko mchoro wowote. Ugonjwa huohuo wa vidole unaweza ukaletwa na jeni nyingine, ile ya enzaimu 15-PGDH yenyewe, hiyo iligundulika 2008. Wagonjwa wa makundi haya mawili ukiwaweka pamoja wanafanana sana kwa macho. Chukua mkojo. Aliyekosa enzaimu, E2 iko juu na mabaki yake, kile kinachobaki baada ya kuvunjwavunjwa, yako chini, inaeleweka, kitu cha kuvunja hakipo. Aliyekosa mlango, E2 iko juu na mabaki nayo yako juu. Yaani E2 imejazana nje mpaka kiasi fulani kinapenya kwa njia nyingine na kufika kwa enzaimu ambayo ni nzima, inaivunja kama kawaida ila mzigo ni mkubwa na haupungui. Mkojo tu unakwambia kama tatizo liko mlangoni au ndani. Nani anahitaji mashine ya mamilioni.

Kwanini binadamu anapona kwenye lile la mshipa wa moyo na panya hawezi? Mtu anaweza kusema binadamu ana wavushaji wengine wa akiba, na kweli hiyo familia ya SLCO ina ndugu wengi na baadhi yao wanashika prostaglandini, na sio kila ndugu aliyepo kwa binadamu ana mwenzake halisi kwa panya. Lakini angalia na upande wa pili, wagonjwa wa ile enzaimu baadhi yao walizaliwa na huo mshipa ukiwa wazi na bado wakaishi. Mtoto wa binadamu mwenye mshipa ulioachia ana uwezo wa kuvumilia ambao kitoto cha panya cha gramu moja na nusu hana. Kwaiyo hata kama mlango ungekuwa sawasawa kwa asilimia mia, matokeo ya kuukosa yasingekuwa sawa.

Hiyo ni panya na mtu. Ukitaka kuona jinsi mambo yanavyotawanyika kweli, nenda kwenye mfuko wa uzazi, na hapa ntakaa kidogo.

Yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka panabaki kitezi cha muda, wataalamu wanakiita koposi luteamu, kinatengeneza projesteroni ya kulinda mimba. Mimba isipopatikana kitezi lazima kife ili mzunguko uanze upya. Kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi muuaji ni prostaglandini F2alfa inayotoka kwenye mfuko wa uzazi. Tatizo ni kwamba mfuko uko hapa na ovari iko pale, na njia ya kawaida ya damu ni kurudi moyoni, kupita mapafuni, alafu ndo kuzunguka, na tumeshasema mapafu yanafanya nini na F2alfa. Kwa kondoo karibu yote inaishia hukohuko. Ikipita njia hiyo haifiki.

Kwaiyo haipiti njia hiyo. Kwa wanyama hawa ateri ya ovari imejikunjakunja na kulala juu kabisa ya vena inayotoka kwenye mfuko wa uzazi, zimegusana, kuta zimekuwa nyembamba pale zinapogusana, na F2alfa inatoka kwenye vena inaingia kwenye ateri moja kwa moja bila kwenda kokote. Kazi za kina John McCracken mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kondoo ndo zilizoliweka hili wazi. Ushahidi wake wa kimwili ni wa kupendeza: ukimtoa ng'ombe au kondoo pembe ya mfuko iliyo upande uleule na kitezi, kitezi kinaendelea kuishi, ukitoa ya upande wa pili kitezi kinakufa kwa wakati wake kama hakuna kilichotokea. Ujumbe unakwenda upande mmoja tu wa mwili.

Miaka mingi watu waliridhika kusema F2alfa "inasharabu" kutoka vena kwenda ateri. Asidi yenye chaji, inasharabu ukuta wa mishipa miwili, kwa wingi, kwa dakika chache. Hapo ndo kundi la Joe Arosh na Sakhila Banu likaenda kutafuta PGT kwenye kile kifurushi cha mishipa na kwenye mfuko wenyewe, wakaikuta, na walipoizuia ndani ya mfuko wa kondoo, yale mawimbi ya F2alfa yanayoua kitezi yakakata, wakati vipokezi vya homoni ya oksitosini vinavyoyaanzisha bado vipo kama kawaida. Amri imetolewa, mtengenezaji yupo, mlango umefungwa, kitezi kimepona.

Sasa rudi kwenye ile lakteti. Kwa kina Schuster PGT ni ya kuingiza, inaokota prostaglandini nje na kuipeleka ndani ikafe. Kwa kondoo, kina Arosh wanasema inatoa, ndo njia ya F2alfa kutoka kwenye seli za mfuko wa uzazi. Nimeona watu wakilisoma hili kama kwamba kundi moja limekosea. Mi sioni hivyo. Kitu kinachofanya kazi kwa kubadilishana hakina upande wake wa kudumu, kinafuata wapi kumejaa nini, na seli ya mfuko wa uzazi iliyoamshwa na oksitosini inatengeneza F2alfa kwa fujo wakati seli ya mapafu inapokea kutoka kwenye damu na kuiharibu papohapo. Ila hapa nina lawama moja kwa hao wa kondoo, maana dawa waliyotumia kuizuia ndani ya mfuko, DIDS, ni dawa inayozuia wavushaji wa ayoni hasi wengi tu, sio PGT peke yake. Inashawishi, haijafunga mjadala. Kondoo aliyehaririwa jeni hiyo kwenye mfuko wa uzazi peke yake ndo angeufunga.

Farasi sasa. Mzunguko wake ni kama siku 21 hivi sawa na wa ng'ombe, kitezi chake kinauawa na F2alfa hiyohiyo kutoka kwenye mfuko, lakini ateri na vena zake hazijasukana kwa namna ile. F2alfa inapita njia ndefu, moyoni, mapafuni, kote. Itafikaje? Kwa mambo mawili: kitezi cha farasi kina usikivu mkubwa zaidi kwa F2alfa, na damu ya farasi inaisafisha F2alfa taratibu kuliko ya ng'ombe, hili limepimwa kwa kuwachoma wote wawili na kufuatilia inavyopotea. Daktari wa mifugo analijua hili kwa mikono yake hata kama hajawahi kusikia neno PGT, ng'ombe anachomwa dinoprosti, yaani F2alfa ya dawa, miligramu 25, farasi ambaye ana mwili mkubwa vilevile anapewa kidogo kuliko nusu ya hiyo, na akipewa anaanza kutoka jasho. Huo ndo mwili mzima unapata ujumbe ambao kwa ng'ombe unapita kichochoroni.

Na angalia hii inavyolazimisha hata tabia ya kiinitete. Kiinitete cha ng'ombe kinajirefusha na kutoa interferoni tau inayozuia mawimbi ya F2alfa yasianze. Cha farasi kinabaki mviringo na kinatembea, kinazunguka mfuko mzima huku na huku mpaka karibu siku ya 16 ndo kinatulia, na ukikizuia kisitembee sehemu kubwa ya mfuko mimba inapotea. Inaleta maana: kama F2alfa ya kona yoyote ya mfuko inaweza kufika kwenye ovari kwa njia ya mwili mzima, basi inabidi kila kona ipewe taarifa.

Nguruwe ndo kaniacha hoi. Mwaka 1977 Fuller Bazer na William Thatcher walipendekeza kwamba kwa nguruwe mimba haizuii F2alfa isitengenezwe, inaigeuza upande wa kutokea. Nguruwe asiye na mimba anaimwaga kuelekea kwenye damu, akiwa na mimba viinitete vinatoa estrojeni na F2alfa inamwagwa kuelekea ndani ya mfuko, inabaki imefungiwa humo ambako haiwezi kuua kitu. Fikiria, mwaka 1977, hakuna mvushaji hata mmoja wa prostaglandini aliyekuwa anajulikana, na watu wawili wanasema jibu ni upande gani wa seli mlango unafunguka. Wakati wenzao wote wanafikiria enzaimu. Hata hivyo isiwe kama msahafu, maana mwaka 2019 ilitoka kazi ya viinitete vya nguruwe vilivyohaririwa visitoe estrojeni, na kitezi hakikufa kwa wakati uliotarajiwa, mimba zikaja kuharibika baadae. Kwaiyo estrojeni haiko peke yake kwenye kugeuza hiyo njia, na wengine wanaona mabadiliko ya E2 dhidi ya F2alfa yana mchango wake. Wazo la upande bado liko hai, aliyebeba ufunguo ndo hajulikani vizuri.

Mbwa, haraka tu: kitezi chake kinaishi kama miezi miwili awe na mimba asiwe nayo, na ukimtoa mfuko wa uzazi hakuna kinachobadilika. Binadamu na nyani wengine nao hivyohivyo, mwanamke aliyetolewa mfuko wa uzazi na kuachiwa ovari anaendelea na mzunguko wa homoni kama kawaida, kitezi kinamalizwa na mambo ya ndani ya ovari yenyewe. Kwaiyo huo mlango wa kati ya vena na ateri, ambao kwa kondoo unaamua kama kutakuwa na mwanakondoo, kwa mwanamke hauamui chochote kwenye suala hilo. Jeni anayo, protini anayo.

Mtu akinambia PGT "kwa mamalia inasimamia mzunguko wa uzazi" namuuliza, mamalia yupi?

Nisije nikaonekana naongelea prostaglandini tu, kuna lipidi nyingine inaitwa sfingosini-1-fosfeti, S1P kwa kifupi, na habari yake ni hiyohiyo kwa sura nyingine. S1P iko nyingi kwenye damu, inapungua kwenye limfu, na ndani ya tishu inakuwa kidogo sana, na huo mteremko ndo unaozielekeza limfosaiti, zile chembe nyeupe za kinga, kutoka kwenye tezi za limfu kuingia kwenye damu. Dawa ya fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa neva wa multiple sclerosis (MS), inaharibu usikivu wa limfosaiti kwa S1P na zinabaki zimefungiwa kwenye tezi.

Mvushaji wake SPNS2 alianza kujulikana kwa samaki pundamilia, wale wadogo wa maabara, mwaka 2008 na 2009. Samaki asiye nayo anaota mioyo miwili, kila upande wake, kwa sababu seli za moyo zilishindwa kukutana katikati. Watu wakawaza makubwa. Wakamuondoa kwa panya, panya akazaliwa na moyo mmoja mzima, ila limfosaiti kwenye damu zimepungua na masikio hayasikii.

Alafu ikaja MFSD2B mwaka 2017, hii inatoa S1P kutoka kwenye chembe nyekundu za damu. Panya bila hiyo, S1P ya kwenye plazma, ile sehemu ya maji ya damu, inashuka kama nusu, ni nyingi hiyo, na chembe nyekundu zinajaa S1P isiyo na pa kutokea. Limfosaiti? Ziko sawa tu. Panya bila SPNS2, S1P ya plazma haishuki kuliko hapo, ila limfosaiti ndo zinapungua. Yaani ukipima damu peke yake usingetabiri hilo. SPNS2 iko kwenye kuta za mishipa ya damu na ya limfu, inaweka S1P palepale limfosaiti zinapopita kutoka, na jumla ya kwenye damu haiwezi kukuonyesha hilo. Yeyote anaepima kiwango cha lipidi kwenye plazma ya mnyama mmoja na kukilinganisha na cha mwingine alafu akatoa hitimisho, analinganisha jumla tu, na jumla haijui imetoka mlango upi.

Sasa hivi kuna maabara zimeshatengeneza kemikali za kuzuia SPNS2, kwa panya zinashusha limfosaiti, na wazo ni kupata dawa inayofanya kazi ya fingolimodi bila kugusa vipokezi ambavyo viko mpaka kwenye moyo. Wazo zuri, nakubali. Swali ambalo kila mtu anauliza ni la masikio, na ni halali kwa sababu kuna familia za binadamu zenye SPNS2 iliyoharibika ambazo nazo zina uziwi. Jibu linalotolewa ni kwamba kwa panya uziwi unaingia wiki chache baada ya kuzaliwa, wakati sikio bado linakomaa, kwaiyo mtu mzima atakuwa salama. Maabara ya Karen Steel huko London ilionyesha mwaka 2023 kwamba ukiiwasha tena hiyo jeni kwa panya aliyeanza kupoteza usikivu unarudi, na unarudi vizuri zaidi ukiwahi, hiyo inatia moyo na inatisha kwa wakati mmoja, maana imeonyesha kuna dirisha na dirisha linafunga.

Lakini panya anaanza kusikia akiwa na siku kama 12 hivi za kuzaliwa. Mtoto wa binadamu anasikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni. Hizo wiki ambazo sikio la panya linaihitaji SPNS2 akiwa kwenye kiota, kwa binadamu zinaangukia ndani ya ujauzito, kwaiyo jaribio la usalama la hii dawa linalofanywa kwa panya mchanga linamhusu mwanamke mjamzito kabla halijamhusu mtoto, na la panya mzima haliwezi kulijibia. Kabla hazijafika kwa watu ningependa kuona zimepimwa kwa mnyama anaezaliwa akiwa tayari anasikia, nguruwe wa Guinea, yaani simbilisi, yupo, anazaliwa macho wazi na masikio yanafanya kazi, na sio mnyama wa gharama.